Fundi Guo na Ngumi ya Polepole

Ninyi mnaovaa sare siku hizi na kusimama kwenye mageti ya shule, benki na maghala, hapa Mbulu mjini na kule Haydom, nikiwapita macho yangu hayaanzi usoni. Yanaanza miguuni. Mnisamehe. Wengi wenu mnasimama mmefunga magoti kama nguzo za uzio, na ikifika saa sita mchana mnabadilisha mguu huu na huu kama kuku aliyekanyaga tope la baridi. Mimi nilisimama hivyo miaka kumi na tisa, nikidhani maumivu ya kiuno ndiyo kazi yenyewe. Aliyenirekebisha hakuwa mlinzi mwenzangu wala daktari. Alikuwa fundi mitambo, Mchina, jina lake Guo, na mwanzoni hakujua hata kama namtazama.

Ilikuwa kambi ya ujenzi wa barabara, chini kwenye tambarare ya Hanang, upande wa kuelekea Basotu. Kwetu ni huku juu kwenye baridi, maharage mbele ya nyumba na mlima nyuma, kwa hiyo kushuka kule kwenye vumbi ilikuwa kama kuhamia nchi nyingine. Nilipangiwa geti kuu, zamu ya mchana. Walinzi tulikuwa saba, mwanamke mimi peke yangu, na wenzangu waliniita Mama Geti kwa kunitania. Guo alilichukua jina hilo bila kujua kwamba ni la utani. Hadi leo akinipigia simu ananiita Mama Geti kwa heshima zote, kama mtu anayesema Mama Mchungaji.

Zamu yangu ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo Guo alikuwa ameshatoka, yuko nyuma ya karakana amevaa fulana, kati ya grida bovu la kusawazishia barabara na rundo la moramu. Kwanza alikuwa anasimama tu, mikono mbele ya kifua kama aliyekumbatia pipa. Dakika kumi, kumi na tano. Halafu anaanza kwenda. Mkono unapanda, mwingine unashuka, kiuno kinageuka, mguu unatafuta ardhi kama mtu anayevuka mto gizani, na yote polepole hivi kwamba nzi angeweza kutua juu yake na kupumzika.

Kila mtu kambini alikuwa na maelezo yake. Dereva wa katapila alisema ni sala ya kwao. Mpishi alisema anafukuza pepo wa mashine, ndiyo maana mitambo yake haifi ovyo. Mlinzi mwenzangu aliapa kuwa ni ngoma ya Kichina ambayo ngoma zenyewe zilibaki Uchina. Mimi kazi yangu ilikuwa kujua kinachofanyika ndani ya uzio, na jambo lisilo na maelezo lilinikosesha raha. Wiki ya tatu nikaenda, nikampa shikamoo, maana alinizidi miaka kumi na tano au zaidi, nikamuuliza ni nini kile.

“Ngumi,” akasema.

Nilicheka, sifichi. Ngumi ambayo hata ng'ombe mwenye mimba angeikwepa? Guo hakukasirika. Alikuwa amekaa Tanzania miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, kizuri kwenye boliti na kifupi kwenye maneno ya adabu. Akanyoosha mkono mbele yake, umekunjwa kidogo, akaniambia nisukume.

Mimi nilishawahi kumtoa mlevi wa kilo tisini getini kwa bega moja. Nikaweka viganja kwenye mkono wake nikasukuma kwa mwili wote. Mnajua unapoegemea mlango, na mtu aliye ndani akaufungua dakika hiyo hiyo? Nilipita pembeni yake nikaenda kusimama kwenye gurudumu la grida. Nikarudi, nikasukuma tena, nikafika kwenye gurudumu lile lile. Yeye miguu yake ilikuwa palepale. Hakunivuta, hakunipiga, na kitu kilichonishinda kukielewa siku nzima, hata nikakosea kuandika namba za magari matatu, ni hiki: nguvu yangu ilikwenda wapi?

Tulikubaliana kubadilishana. Alitaka kujua Kiiraqw, lugha yetu ya huku juu, kwa sababu akina mama wa soko la Mbulu walimcheka kwa Kiiraqw na yeye alitaka kujua wanasema nini. Basi ikawa neno moja kwa mwondoko mmoja. Maneno yaliisha haraka kuliko miondoko, nikaanza kumfundisha hata majina ya magonjwa ya mbuzi.

Wiki mbili za kwanza hakunifundisha lolote ila kusimama. Nawapa bure: legeza magoti, usiyakunje, yalegeze tu kama mtu anayetaka kukaa halafu akabadili mawazo. Uzito ushuke katikati ya unyayo. Mabega yaanguke. Kichwa kibaki juu kama kimening'inizwa kwa uzi. Pumua chini, tumboni. Siku ya kwanza mapaja yalitetemeka nikaona aibu. Mwezi wa pili niligundua jioni moja kwamba nimevua buti bila kuguna.

Kisha akaleta vitu vitatu kutoka karakana: bomba la chuma, mpira wa ndani wa tairi usio na upepo, na mpira mwingine uliojazwa. Akaniambia nisukume kimoja kimoja. Bomba lilikuwa gumu, lakini nilipolisukuma kwenye ncha lilizunguka lote likaanguka. Mpira usio na upepo uliingia mkono mpaka chini. Ule wenye upepo ulinipokea, ukabonyea kidogo, ukanirudisha. Akasema mkono wangu ni bomba, na akinikemea nilegeze, unakuwa mpira uliopasuka. “Tia upepo,” ndiyo ikawa amri yake ya kila siku. Vijana, mkono uliotiwa upepo ndio wa kusimamishia watu kwenye foleni. Ukimzuia mtu kwa mkono mgumu, anaona umempiga. Ukimzuia kwa mkono uliolegea, anapita. Ukiwa na upepo anajizuia mwenyewe, na mara nyingi anakuomba radhi.

Mwalimu wangu wa kwanza, sajini aliyetufundisha mgambo, alikuwa na msemo mmoja tu: mlinzi ni ukuta. Alikuwa mtu mwema, na miaka yote nilijitahidi kuwa ukuta. Guo nilipomweleza alifikiri, akasema ukuta hauna mtu anayeuogopa, watu wanauogopa mlango, kwa sababu hawajui kama utafunguka. Sijui kama ni hekima au ni Kiswahili chake tu kilichokwenda upande.

Kwamba ni ngumi kweli niliamini asubuhi moja. Alikuwa anakwenda polepole kama kawaida, mara akakanyaga chini kwa kishindo na ngumi ikatoka, fupi, mwili wote ukatikisika kama kamba iliyokatika. Mpishi aliangusha sufuria. Guo akaendelea polepole kama hakuna kilichotokea. Baadaye akasema huo ndio mtindo wa zamani, wenye polepole na haraka ndani yake. Ule wa polepole tupu ulikuja baadaye.

Hapo nikataka kujua ulikuja kutoka wapi. Na mimi nikitaka kujua jambo nauliza kama ninavyojaza kitabu cha matukio: nani, wapi, lini, na nani aliona.

Hadithi ya kwanza aliyonipa ilikuwa ya mtawa wa zamani sana aliyeishi mlimani. Siku moja akamwona korongo akipigana na nyoka. Ndege anadona, nyoka anajipinda, kila pigo linakuta hewa, na mtawa akatengeneza ngumi yake hapo. Nikauliza nani alikuwepo. Guo akasema hakuna. Nikamwambia kwenye kitabu changu hiyo haiingii. Alicheka mpaka akakaa juu ya tairi. Akasema hata yeye haamini, lakini kila mtu kwao anaijua, na ukiwaambia watu sanaa yao ilianzia shambani hawafurahi kama ukiwaambia ilianzia mlimani.

Ya pili ilikuwa ya shambani. Kwenye mkoa aliozaliwa, unaitwa Henan, si mbali na Mto Manjano, kuna kijiji cha ukoo wa Chen. Zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, utawala wa wafalme waliokuwepo ulipoanguka na nchi ikachafuka, askari mmoja wa ukoo huo alirudi nyumbani. Alilima. Na msimu ambao hakuna kazi shambani alikusanya ngumi alizozijua za jeshini, akazichanganya na elimu yao ya zamani ya kupumua, na mawazo yao kwamba kila kitu kina upande wa kivuli na upande wa jua na kimoja kinageuka kuwa kingine. Akawafundisha watoto. Hiyo, Guo akasema, ndiyo ambayo wasomi wengi wanaikubali, ingawa wengine wanabisha mpaka leo. Jina la taichi, ambalo dunia inaiita ngumi hii leo, halikuwepo wakati huo. Lilikuja vizazi vingi baadaye.

Nikamuuliza wanakijiji walikuwa na haja gani na ngumi ikiwa ni wakulima. Akajibu kama jambo dogo, huku akifuta spana: wengi wao walikuwa walinzi. Wafanyabiashara walisafirisha vitambaa na dawa barabarani, majambazi yalikuwa mengi, na watu wa kijiji kile walikodiwa kwenda na mizigo.

Sijui niwaelezeje nilivyosikia. Nilikuwa nimeshazoea kuwaza kwamba kazi yetu ni ya mtu aliyekosa kazi. Hata mama yangu, Mungu amrehemu, alipoulizwa binti yake anafanya nini alijibu “yuko huko barabarani.” Na huyu ananiambia kwamba ngumi hii ambayo dunia nzima inaifanya kwenye bustani ilikuwa zana ya watu kama mimi, waliotembea kando ya mizigo ya wengine na kula vumbi. Nilimfanya arudie mara mbili.

Akaniambia na jinsi ilivyotoka kijijini. Miaka na miaka waliifunga, hawakufundisha mgeni. Akaja mtu wa ukoo wa Yang kutoka mkoa mwingine, akakaa pale akitumika, akajifunza. Wengine wanasema alichungulia kwenye ufa wa ukuta. Guo hilo alilikataa: mtu hawezi kujifunza kusimama kwa kuchungulia. Yang huyo alikwenda Beijing akafundisha nyumba za wakubwa na walinzi wao, na wajukuu wake wakailainisha, wakaondoa vishindo, ikawa hata mtu mnene wa ofisini anaiweza. Mwisho serikali ikawaita walimu wakaifupisha miondoko ishirini na minne, kwa afya ya wananchi. Yeye alifundishwa na mjomba wake, mfanyakazi wa kiwanda cha matrekta, asubuhi kabla ya king'ora cha kiwanda. Basi kazi ya mlinzi ikawa dawa ya magoti ya wazee. Nilimuuliza kama hasikitiki. Akasema wazee wana magoti mengi kuliko majambazi.

Mwaka juzi, ameshastaafu na kurudi kwao, alinipigia akiwa hapo hapo kwenye kijiji cha Chen. Alikuwa hajawahi kufika. Siku hizi kuna majengo makubwa, mashule, mabasi ya wageni. Alikuta geti limefungwa kwa sababu amefika mapema, na mlinzi kijana akamkatalia. Guo akamweleza kwamba ametoka mbali, kwamba mjomba wake alifundishwa na mtu wa ukoo huo. Mlinzi akasema, mzee, saa tatu. Guo alinisimulia akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo aliponionyesha picha za sanamu za ndani. Nilimuuliza kama kijana yule anajua ngumi. Alikuwa amemuuliza. Kijana alisema ametoka mkoa mwingine, amekuja kwa kazi tu.

Lakini nimeruka kosa langu, na nisipolisema haya mengine hayana maana.

Nilikuwa na miezi mitano ya mafunzo. Nilishaweza kumpitisha dereva mkubwa pembeni yangu kama Guo alivyonipitisha, na madereva walifanya mchezo wa kuja kunijaribu wakati wa chai. Nilipata sifa. Hapo ndipo mtu anapoharibika.

Wakati huo maboza ya kambi yalikuwa yanachota maji kwenye lambo moja ambalo Wadatoga wananyweshea ng'ombe. Maji ya kumwagia barabara ni mengi, na ilikuwa kiangazi. Asubuhi moja saa nne, akaja kijana wa Kidatoga aitwaye Gidabanja na wenzake wawili, amevaa shuka, fimbo mkononi. Alisema anataka kumwona meneja. Ng'ombe wake walifika lamboni jana wakakuta tope. Meneja alikuwa ofisini. Sheria ya geti ilisema mgeni anakabidhi silaha kwa mlinzi, na fimbo ilihesabiwa silaha. Nikamwambia aikabidhi. Akasema fimbo ya mchungaji haikabidhiwi. Nikamwambia basi hataingia. Yote mawili yalikuwa kweli, na ningekuwa mlinzi mzuri ningetuma mtu amwite meneja atoke nje. Ilikuwa hatua arobaini. Sikutuma, kwa sababu madereva walikuwa wamekaa kwenye chai wanatazama.

Gidabanja akaweka mkono kwenye geti akalisukuma, nami nikiwa upande wa pili. Nikaachia. Akaja mbele na uzito wake wote, nikaushika mkono wake, nikageuza kiuno, akapita. Mpaka hapo ilikuwa sawasawa kama nilivyofundishwa. Alikuwa ameshapita, hana nguvu tena, anatafuta miguu yake. Na mimi nikaongeza. Nikaubana mkono ule nikauzungusha chini, akaanguka kwa bega kwenye zege la mfereji. Nilisikia bega likitoka.

Madereva walipiga makofi. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa muda wa pumzi mbili hivi, nilifurahi.

Guo alitoka karakana, akapiga magoti kando ya yule kijana, akaufunga mkono wake kwa kitambaa usitikisike, akamwita dereva wa pikapu ampeleke hospitali Haydom pamoja na wenzake. Hakunitazama. Mchana nilimfuata. Nilijitetea kwamba alisukuma geti, kwamba alikuwa na fimbo.

“Alipokupita, alikuwa bado ana nguvu?” akaniuliza.

Nikasema hapana.

“Basi ile uliyoongeza ilikuwa ya nani?”

Akarudi kwenye injini yake. Kisha akasema, bila kugeuka, kwamba walinzi wale wa zamani waliosindikiza mizigo walikuwa wanapita barabara ile ile kila mwaka. Aliyejeruhi mtu akienda, alimkuta akirudi.

Kurudi hakukuchukua mwaka. Kesho yake ng'ombe walikuwa barabarani. Si wawili watatu. Tambarare nzima ilikuwa imeingia barabarani, wamesimama wanacheua, na wachungaji wamekaa kando kimya. Maroli hayakupita siku hiyo wala iliyofuata. Meneja aliniambia nijiandae kufukuzwa, halafu akafikiri kwamba akinifukuza ataonekana amekubali kosa, akaniambia nisijiandae. Hospitali walilirudisha bega mahali pake, lakini walisema mkono ukae umefungwa, na hawakujua utainuka kiasi gani. Mkono wa kulia wa mchungaji. Nilikuwa silali vizuri.

Siku ya tatu nilimwomba Guo anisindikize nyumbani kwa Gidabanja. Nilibeba kibuyu cha asali. Tulisimamishwa nje ya uzio wa miiba karibu saa nzima, jua likiwa kali, na hakuna aliyekosea kutusimamisha. Nilijua kazi hiyo inavyofanyika.

Aliyekuja kutuingiza ni baba yake, mzee mrefu mwenye bangili za shaba na sikio moja lililopasuka. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza. Alitaka kwanza kujua jinsi mwanamke wa umri wangu alivyomwangusha mwanawe, kwa sababu aliyoyasikia hayakumwingia akilini. Nikasema nimefundishwa na huyu. Mzee akamgeukia Guo, akamtazama kuanzia viatu kwenda juu, akanyoosha mkono mbele yake. Guo akaweka wake. Wakawa wamegusana hapo, wazee wawili, mikono inakwenda na kurudi kama watu wanaokereza mbao, na hakuna aliyempata mwenzake. Mzee katika ujana wake alikuwa mpiga fimbo. Akachukua fimbo mbili, akaonyesha pigo linavyopokelewa: halizuiwi, linapewa njia liteleze. Guo alimwomba arudie mara tano.

Mzee akauliza nani aliwafundisha Wachina mambo ya Wadatoga. Guo akamsimulia ya askari, akamsimulia ya korongo na nyoka. Mzee hakuridhika na yoyote. Akasema anayetaka kujua ngumi hiyo ilianzaje aende akalifunge dume ambalo halijawahi kufungwa. Ukilivuta linakuburuta. Ukilisukuma linakuvunja. Unakwenda nalo mpaka lenyewe litake kugeuka. Guo akanigeukia, uso umefunguka kabisa, akasema hiyo ina shahidi, niiandike.

Walikuwa wanafurahi, na mimi nilianza kupumua. Halafu nikamwona Gidabanja. Alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wa kivuli, mkono umefungwa kifuani, akiwatazama wazee wakicheza kwa kile kilichomvunja. Hakuna aliyemuuliza kitu. Nikaenda nikachuchumaa mbele yake, nikamwambia kwamba nilikuwa nimeshamshinda kabla ya kumwangusha, na kumwangusha kulikuwa kwa ajili ya waliokuwa wanatazama.

Kisha akasema, kwa Kiswahili cha taratibu, “Mimi nimeanguka mara nyingi. Dume limeniangusha, kaka zangu wameniangusha. Sijawahi kupigiwa makofi.”

Nilimuuliza anataka nifanye nini. Akasema makofi hayakupigwa hapa kwao.

Niliomba ruhusa ya kusema mbele ya kambi nzima, meneja akakataa. Alisema mlinzi akiomba radhi hadharani geti limekufa. Jumatatu asubuhi, watu wote wakiwa wamekusanyika kupangiwa kazi, nilipanda juu ya pipa bila ruhusa. Gidabanja na baba yake walikuwa nje ya geti, niliwaambia wafike saa hiyo. Nikasema jina lake. Nikasema alikuja kudai maji ya ng'ombe wake, na nilikuwa na hatua arobaini za kwenda kumwita meneja na sikuzitembea. Nikasema nilimuumiza mtu ambaye hakuwa na nguvu tena, na walionipigia makofi walipigia jambo la aibu, na la aibu zaidi ni kwamba niliyapenda. Dereva mmoja alivua kofia, akaishika tu. Gidabanja alisikiliza mpaka mwisho, akageuka, akaenda zake. Hakunisamehe siku hiyo, na sikuwa nimemwomba anisamehe kwa saa ninayoipanga mimi.

Ng'ombe walitoka barabarani mchana ule. Guo na yule mzee ndio waliompeleka meneja lamboni akaone tope kwa macho, na ikakubaliwa maboza yasichote kabla mifugo haijanywa. Mimi niliondolewa geti kuu nikapelekwa stoo ya dizeli nyuma ya kambi, peke yangu na mapipa, miezi mitatu. Ilinifaa. Nilijifunza upya kila mwondoko, nikitafuta mahali ambapo mkono wangu unaongeza. Niligundua unaongeza karibu kila mahali. Taya nazo zinaongeza. Mtu anaweza kusimama vizuri kabisa huku anapigana kwa meno.

Niliporudishwa geti kuu niliomba jambo moja, kubadili ile sheria. Mgeni asikabidhi fimbo kwa mtu. Guo alichomelea mabomba chakavu, akatengeneza kichanja chenye vigingi vya chini, vya kati na vya juu, tukakisimamisha kando ya geti, mahali ambapo mwenye fimbo akiwa kwenye benchi la ofisi anaiona. Anaiweka mwenyewe, anaichukua mwenyewe. Mkiwa na geti linalopokea wafugaji, fanyeni hivyo. Sikuwahi tena kugombana na mtu kwa ajili ya fimbo.

Gidabanja alikuja siku ya mnada, miezi sita hivi baada ya kuanguka, alipokuwa ametumwa na wenzake kuulizia kivuko cha ng'ombe kwenye barabara mpya. Alikuja peke yake. Geti lilikuwa wazi, nami nilisimama kando, sikusema neno la fimbo. Vigingi vya chini vyote vilikuwa vitupu. Akavipita. Akainua fimbo kwa mkono wa kulia, polepole, ukapita usawa wa kifua, ukapita usawa wa uso, mpaka kigingi cha juu kabisa, akaubakiza hapo hewani akinitazama, ili nione kwamba unafika. Kisha akaiachia fimbo, akanipa shikamoo, na alishakaribia mlango wa ofisi ndipo marahaba iliponitoka.